Upande Anaolalia Baba Shiundu

Brenda, na nyinyi wengine mliobaki dukani, siku ile ya keki ya kuniaga mliniomba niseme maneno mawili nikashindwa. Machozi yalinizuia, na keki yenyewe ilikuwa imejaa sukari mpaka ulimi ukaganda. Sasa niko nyumbani, mikono haina kazi, basi nimeamua kuyaandika. Habari za nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini sitazigusa. Duka letu lilikuwa na vyeo viwili tu, mwenye duka na sisi. Nitaandika kuhusu magodoro na watu wawili wawili waliokuja kuyachagua. Mwishoni nitawaeleza kilichotokea siku ile nilipokuja na mume wangu, kwa sababu najua mlipoona nimekwama mbele ya swali rahisi mlienda stoo kucheka.

Nilianza kazi nikiwa nimeolewa juzi tu. Nilikuwa nimejifunza kushona katika chuo cha ufundi cha kijijini, na Mzee Rajabu alikuwa akitafuta mtu wa kushona vifuniko vya magodoro. Mzee Rajabu ndiye aliyelianzisha duka. Alikuwa mtu wa Mumias, mwembamba, mwenye kofia nyeupe isiyopata doa hata msimu wa matope. Asubuhi ya kwanza nilifika na sindano zangu nikidhani nitaonyeshwa cherehani.

"Asalaam aleikum, binti," akasema. "Vua viatu, ulale."

"Nilale wapi, mzee?"

"Hapo. Ukimaliza hilo, uende kwa lile pale. Yote."

Nilidhani nimeingia kwenye duka la mwendawazimu. Lakini mlango ulikuwa wazi, watu wanapita, na yeye mwenyewe alikuwa ameshageuka anapanga mito. Nikavua viatu, nikajifunika miguu kwa leso, nikalala. Magodoro ya kwanza nilikaza mwili kama ubao. Nilipofika la katikati, lile la sponji nzito lenye kitambaa cha maua, sijui nini kilitokea. Nilikuja kushtuliwa na sauti za watu. Mama mmoja na mumewe walikuwa wamesimama juu yangu wakinitazama, na Mzee Rajabu anawaambia kwa sauti ya chini, "Huyo ni mfanyakazi wangu. Mnaona vile anapumua?"

Godoro hilo lilinunuliwa nikiwa bado nafuta mate. Ndiyo siku yangu ya kwanza.

Vifaa vya kazi vilikuwa vichache. Tepu ya kupimia, sindano ndefu iliyopinda, uzi wa nailoni, na kiganja. Brenda, nilikuonyesha kiganja, lakini waonyeshe na hawa wapya. Mteja akilala chali, unamwomba mwenzake apitishe mkono chini ya kiuno. Mkono ukipita wazi kama chini ya daraja, godoro ni gumu mno kwake. Mkono ukikataa kabisa kupita, mwili umezama. Ukipita kwa kusukuma kidogo, hapo umefika. Na usiupitishe wewe. Mzee Rajabu alisisitiza hilo. Mkono ni wa mume au wa mke, na mara nyingi ukiwaangalia usoni wakati huo unajua kama watu hawa wana shida ya godoro au ya kitu kingine ambacho hatuuzi.

Alinifundisha pia kuuliza habari ya kitanda kabla ya godoro. Watu wengi wamelaumu godoro lisilo na kosa, kumbe chaga mbili zimevunjika chini na mtu analala ndani ya shimo. Na alinifundisha kusema ukweli juu ya karatasi ya plastiki. Itoeni! Kuna nyumba hapa Kakamega ambako godoro limevaa plastiki yake tangu harusi hadi mtoto wa kwanza akaingia sekondari, watu wanatoka jasho na kuchakarisha kama wamelala ndani ya mfuko wa mkate, ili tu wageni wajue ni jipya. Wageni gani hao wanaoingia chumbani?

Sheria yake kubwa ilikuwa moja, kwamba godoro la watu wawili lichaguliwe na watu wawili. Mume akija peke yake, Mzee Rajabu alimpa kiti, akamuuliza habari za shamba, mwishoni akamwambia, "Uje na mama." Wengine walikasirika wakaenda duka la pili. Baadhi yao walirudi, na mama mbele.

Sasa niwaambie habari ya pazia, maana mmelikuta pale nyuma mkadhani liliota.

Mzee mmoja wa Lugari alikuja na mke wake, Baba Wekesa na Mama Wekesa, wakulima wa mahindi. Walikuwa watu wa makamo wenye mikono mikubwa, wamevaa nguo zao za kanisani. Baba Wekesa alikuwa ameanguka kutoka kwenye trela wakipakia magunia, na mgongo ukaharibika. Mtu fulani alimwambia mgongo unataka sakafu. Kwa hiyo tangu mavuno alikuwa analala chini kwenye mkeka, na mkewe juu kitandani kwenye godoro lao la zamani, laini kama uji.

"Tunataka kadogo, ka mtu mmoja," akasema Baba Wekesa. "Kagumu. Ya mama, ile ya zamani, inatosha."

Mimi nilikuwa tayari nimeshika tepu. Mzee Rajabu akanizuia kwa jicho, akamgeukia mama.

"Na mama anasemaje?"

Mama Wekesa alikuwa anakunja na kukunjua kitambaa chake cha mkononi. "Mimi sina maneno. Ni yeye mgonjwa."

"Wewe unalala?"

"Nalalanga. Lakini naamka nikitafuta. Mkono unaenda pale, unakuta shuka baridi. Halafu nakumbuka yuko chini." Akacheka ili lisiwe jambo kubwa. "Hata nyonga nayo inaniuma, siwezi kushuka kulala na yeye kwa sakafu. Ningeshuka."

Baba Wekesa alimtazama kama mtu aliyeambiwa jambo kwa mara ya kwanza. Nadhani alikuwa ameambiwa kwa mara ya kwanza.

Ilibidi wajaribu pamoja, na hapo ndipo tulipokwama. Mama alikataa katakata. "Nilale na mzee hapa, mbele ya watu? Mkwe wangu anafanya kazi hapo ng'ambo ya barabara! Akipita je?" Na kweli, mnajua heshima ya mkwe kwetu. Mtu angeweza kuhama mtaa.

Nikaenda kwenye rafu, nikachukua shuka mbili za kahawia, nikazifunga kwa uzi wa nailoni kutoka dirisha hadi kabati. Wakaingia nyuma. Tukasikia viatu vikivuliwa, tukasikia Baba Wekesa akilalamika, tukasikia minong'ono. Halafu mama akacheka, kicheko cha msichana kabisa. Mzee Rajabu akatoka nje kuangalia hali ya hewa.

Kila godoro lililomfaa mmoja lilimtesa mwingine. Mgongo ulitaka ugumu, nyonga ilitaka ulaini. Mwisho nilipendekeza tuunganishe. Tuchukue sponji nzito nusu moja na sponji laini nusu ya pili, tuzigundishe ubavuni, juu tuweke tabaka jembamba ili wasiusikie mpaka katikati, halafu nishone kifuniko kimoja. Nilishona siku mbili, vidole vikatoboka. Wakalibeba juu ya pikapu ya jirani, mama amekaa nyuma na godoro, amelikumbatia lisipeperuke.

Baada ya mvua za kwanza Mama Wekesa alirudi peke yake na ingokho, kuku mwekundu, chini ya kwapa. "Huyu ni wa fundi," akasema. Sikuuliza kitu. Alikuwa amenenepa uso. Kuku huyo nilimpeleka nyumbani nikiwa na furaha ambayo sikuwa na wa kumsimulia, kwa sababu Baba Shiundu alikuwa ameshaenda kazini.

Sasa nifike kwake.

Baba Shiundu alikuwa soja, mlinzi wa usiku kwenye ghala moja la mahindi upande wa Bukura. Aliipata kazi hiyo mwaka mmoja na mimi nilipopata yangu, na tuliona tumebahatika sana, vijana wawili wenye kazi. Mimi nilitoka nyumbani asubuhi, yeye alirudi asubuhi. Mimi nilirudi jioni, yeye alitoka jioni. Kitanda chetu kilikuwa kama kiti cha kinyozi, huyu akiinuka yule anakaa. Tulikutana kwenye chai. Siku zake za mapumziko mwili wake ulikuwa umeshazoea kukesha, basi alikaa nje akirekebisha baiskeli au akizunguka boma, na mimi nikalala. Watoto walizaliwa, msiulize sana, Jumapili ni ndefu. Tulilea, tulisomesha, tulizika wazazi wetu wa pande zote mbili. Maisha mazuri tu. Mzee Rajabu naye akatutoka, Mungu amrehemu, na mwanawe akashika duka, na mimi nikawa ndiye mzee wa pale. Kwa miaka hiyo yote niliwafundisha wateja jinsi ya kulala wawili, na sikuwahi kuliona ajabu lake.

Halafu mwaka huu ghala likawekwa kamera, Baba Shiundu akashukuriwa na kuachishwa kazi, na mimi muda wangu ukafika msimu huohuo. Tukawa nyumbani wote, usiku na mchana.

Wiki ya kwanza nilifurahi kama bibi harusi. Nilitandika shuka mpya. Lakini kulala hatukulala. Nikigeuka tu, yeye ameshasimama katikati ya chumba, tochi mkononi, anauliza, "Nani?" Nikikohoa, tochi. Paka akiruka juu ya mabati, anavaa viatu. Na mimi niliyezoea kitanda chote, nilimsukuma bila kujua mpaka ukutani. Godoro lenyewe lilikuwa limechoka, limefanya bonde katikati, na kila mmoja wetu alikuwa amezoea kulalia bonde hilo peke yake.

Akaanza kuhamia sebuleni. Hakutangaza. Kwanza lilienda blanketi, siku nyingine mto, mwishoni nikaikuta saa yake ya mkononi juu ya mkono wa kochi, nikajua ameshahama.

Niliumia. Nilijiangalia kwenye kioo cha kabati, huu mwili wa nyanya aliyezeeka, nikasema basi, alikuwa amezoea mke wa chai. Nilinyamaza siku kadhaa nikipika kwa kelele. Ilikuwa mchana mmoja, nimepakua obusuma, ugali wetu, na mboga, nikashindwa kuendelea kunyamaza.

"Baba Shiundu, kwani nimekukosea nini?"

Akaacha kumega. "Wewe? Umenikosea wapi?"

"Umenihama. Watoto wakija kesho wakukute kwa kochi, nitawaambia nini?"

Alinawa mkono polepole, ingawa chakula kilikuwa bado kimejaa. "Mama Shiundu, mimi usingizi wa usiku sijui tena unaingiaje. Lakini wewe unajua. Unalalanga vizuri sana. Nikiwa pale naruka ruka, nakuharibia. Nimeona heri niharibikiwe peke yangu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, si kwa maneno hayo. Nikalia kidogo, yeye akanisogezea mboga, kwa kukosa la kufanya.

"Kesho tunaenda mjini," nikamwambia. "Tunaenda kununua godoro."

"Lakini wewe ndiye fundi. Chagua tu."

"Godoro la wawili linachaguliwa na wawili."

Ndiyo hiyo siku mliyotuona. Mwenyewe alivaa koti. Brenda, ulitupokea vizuri, ulimpa kiti, ulimuuliza habari za nyumbani, nikakuangalia nikajisifu moyoni. Uliuliza habari ya chaga, nikajibu. Ukauliza nani anahisi joto usiku, nikajibu mimi. Halafu ukaniuliza swali ambalo nimewauliza watu tangu nikiwa msichana, "Mama Shiundu, baba analalanga upande gani? Ubavu, chali, au kifudifudi?"

Nikafungua mdomo na hakuna kitu kilichotoka.

Mlidhani nimeona haya. Hapana. Nilikuwa natafuta jibu. Nilipekua miaka yote hiyo nikamwona mume wangu akinywa chai, akipiga jembe, akimfunga Shiundu kamba za viatu, akilia kwenye mazishi ya mamake. Amelala sikumwona mahali popote. Nilikuwa natoka kabla hajalala, na Jumapili alipojilaza mimi nilikuwa kanisani. Sikujua.

Naye akadhani ameulizwa habari yangu. Kwa masikio yake haya ya siku hizi, akasikia hivyo. Akasafisha koo, akajibu kama anatoa ripoti kwa mkubwa wake.

"Huyu analalianga ubavu wa kushoto. Karibu kuche anageuka kulia, mkono huu anautupa huku kwa upande wangu. Mguu mmoja nje ya blanketi hata kukiwa na baridi. Akiota, anasema futi, inchi, mambo ya dukani."

"Umejuaje hayo yote?" nikamuuliza.

"Si nilikuwa narudi ukiwa umelala? Nilikuwa nakaa pale kwa kiti nikingoja uamke. Sikutaka kukuamsha na viatu."

"Kila siku?"

"Kulikuwa na siku nilichelewa," akasema.

Brenda, wakati huo ulisema unaenda kutafuta tepu, na tepu ilikuwa shingoni mwako. Asante.

Tukaingia nyuma ya pazia. Yeye alivua viatu akavipanga pamoja, vidole vikiangalia mlango, kazi haitoki mwilini. Tulianza na lile la gharama, lile mnaloambia wateja kwamba mmoja anaweza kucheza ngoma na mwingine asisikie. Nikageuka mara mbili.

"Umenisikia?"

"Sijasikia kitu. Ni kama haupo."

"Basi tumepata."

Alitazama dari. "Hapana. Hii siitaki."

"Kwa nini? Si unaamka nikigeuka?"

"Nimekesha maisha yangu yote na wewe uko mbali. Sasa nikose kukusikia na uko hapa? Nataka nikusikie kidogo. Isiwe sana, niruke. Kidogo tu, nijue ni wewe."

Andikeni hilo kokote mnakoandikanga mambo ya kazi. Kwa miaka yote niliwauzia watu wawili utulivu, nikidhani ndio wanaoutaka. Wengine wanautaka, ni kweli, hasa wenye waume wanaokoroma. Lakini waulizeni. Wapo wanaotaka godoro liwaambie kwamba mwenzao bado yupo.

Tukajaribu mengine. La springi lilimtikisa akashika ukingo kama yuko juu ya trekta. Laini lilimmeza. Mwishoni tukalala kwenye sponji nzito ya kawaida, inchi nane, futi tano kwa sita, isiyo na jina la kujivunia. Nikageuka. Akatulia. Nikageuka tena.

"Eeh," akasema. "Hapo nimekusikia. Lakini sijaogopa."

Nikapitisha mkono chini ya kiuno chake. Ulipita kwa kusukuma kidogo. Sikuharakisha kuutoa, na yeye hakuniharakisha.

Mwenye bodaboda alilifunga godoro nyuma, akaliinamia njia nzima kama anabishana na upepo, lakini lilifika salama. Nilitoa plastiki siku ileile. Chaga moja ilikuwa imevunjika, Baba Shiundu akapigilia mpya kabla hatujatandika.

Sitaki kuwadanganya kwamba usingizi ulikuja na godoro. Haukuja. Saa yake ya mkononi ilirudi chumbani, mto ukarudi, lakini yeye aliendelea kukesha, ila sasa alikesha amelala, bila tochi. Niligeuka, akasema "mm," nikasema "mm," basi. Hata hilo nililiona ni maendeleo. Nilimwambia mwili utajifunza polepole. Alisema mwili wake ni wa shule ya zamani, haufundishiki.

Halafu wiki iliyopita, baada ya chakula cha mchana, ikanyesha ile mvua yetu. Mnaijua. Mawingu yalikuja kutoka msituni, mabati yakaanza kuvuma mpaka hatusikilizani. Nilikuwa nimebandika mahindi na maharagwe kwa ajili ya jioni. Baba Shiundu akasema anaingia kunyoosha mgongo. Nilipoenda kufunga dirisha la chumbani nikamkuta amelala.

Amelala kabisa, si kujilaza. Nikasimama na mkono kwenye komeo la dirisha.

Kumbe hulalia ubavu wa kulia. Magoti ameyakunja kidogo, viganja viwili vimebanwa katikati ya mapaja kama mtoto anayesikia baridi. Mdomo uko wazi upande mmoja. Kipaji cha uso, ambacho siku zote kina mikunjo ya mtu anayekagua geti, kilikuwa kimetandikwa laini, na nikauona uso wa yule kijana aliyekuja kwetu kujitambulisha akiwa na shati la kuazima. Na hakoromi. Anapumua kwa pua, na kila baada ya muda anatoa sauti ndogo, kama mtu anayekubaliana na jambo.

Nikavuta kiti. Mvua ikapungua, ikarudi tena. Niliyakumbuka mahindi yangu jikoni, nikasema nitaenda sasa hivi, na sikwenda. Baadaye nikavua leso, nikapanda taratibu upande wa ukutani, uso kwa uso naye. Godoro likashuka kidogo. Alifungua macho nusu.

"Nani?"

"Mimi."

Akanusa. "Kuna kitu kinaungua."

Niliisikia na mimi, harufu ya sufuria iliyokauka, na sufuria hiyo ni nzuri.

"Hakuna kitu," nikamwambia. "Lala."

Akalala.